Kabla Hujaigusa Skrubu ya Gavana

Mashine ya kuchomelea ilifika Katwe, Kampala, juu ya pikapu, imefungwa kwa kamba za katani, ikitokea Kabale. Mwenyewe ni fundi wa mageti na madirisha, na lalamiko lake lilikuwa moja tu. "Mzee, haina nguvu. Ukigusa chuma kijiti kinaganda. Nimeiongeza mwendo mara mbili, na bado." Nilipofungua upande wa kabureta nikaiona skrubu ya gavana, yaani kifaa kinachotawala mwendo wa injini: kichwa kimeliwa na bisibisi, rangi ya kiwandani iliyoizibia imebanduka, nati yake ya kufungia inacheza. Mgonjwa huyu alikuwa ameshanyweshwa dawa nyingi kabla ya kupimwa.

Kwenye mashine za kuchomelea zinazoendeshwa na injini, sijaona kitu kinachoonewa kama skrubu hiyo. Mafundi wengi, kuanzia hapa Katwe mpaka Arua, wanaamini ndiyo ya kuongezea ampea. Siyo. Lakini uongo huu una chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haufi. Tuanze na chembe yenyewe.

Soketi ya mashine ndiyo saa ya mwendo

Katika mashine nyingi injini na jenereta vimekaa kwenye shafti moja. Injini ikizunguka mara moja, rota ya jenereta nayo imezunguka mara moja; hakuna gia katikati wala mkanda. Rota hiyo ni sumaku ya umeme. Ikiwa na ncha mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini, kila mzunguko unatoa wimbi moja kamili la umeme. Ukitaka mawimbi 50 kwa sekunde, yaani Hz 50, unahitaji mizunguko 50 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Rota yenye ncha nne inatoa mawimbi mawili kwa kila mzunguko, kwa hiyo Hz 50 zile zile inazipata kwa mizunguko 1,500. Mashine ndogo za petroli, zenye silinda moja au mbili, karibu zote ni za 3,000. Zile kubwa za dizeli zinazopozwa kwa maji, za kuvutwa na gari, mara nyingi ni za 1,500, na ndiyo maana zinanguruma kwa upole na kuishi miaka mingi.

Kwa hiyo huhitaji kifaa cha bei mbaya. Multimita yenye alama ya Hz, ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya mashine, imeshakupa mwendo wa injini. Kwa rota ya ncha mbili zidisha kwa 60. Kwa ncha nne zidisha kwa 30. Mita ikisema 52 kwenye mashine ndogo, injini inakwenda 3,120. Ikisema 48, ni 2,880. Basi.

Na volti? Hizo zinategemea mambo mawili: mwendo wa rota na nguvu ya sumaku yake. Hapa ndipo chembe ya ukweli ilipojificha. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 bila kubadilisha sumaku, volti zinapanda kwa karibu asilimia 10, za soketi na za kuchomelea pia. Mashine ya vijiti kwa kawaida inatoa volti kati ya 60 na 80 kabla moto haujawaka. Zikishuka mno kijiti kinaganda kwenye chuma, zikipanda kinawaka upesi. Fundi akakaza skrubu, kijiti kikawaka, akasema ampea zimeongezeka. Ungekuwa wewe ungesema hivyo hivyo.

Kumbe bei yake inalipwa kwingine. Soketi iliyokuwa na volti 240 sasa ina 264, na kwenye soketi hiyo kuna grinda, taa na chaja za simu za nusu ya mtaa. Ndani ya injini mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu nguvu inayoivuta konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, kila pistoni inapogeuka haipandi sawasawa na mwendo. Inapanda kwa kipeo chake cha pili. Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, mvuto huo unazidi kwa asilimia 21. Injini ndogo ina konrodi ya alumini na oili ya kurushwa tu na kijiko, haina pampu. Nimeziona zilizotoboka tumbo, konrodi imechungulia nje.

Mkanganyiko ulioletwa na meli

Kuna jambo jingine linalovuruga vipimo kabla hata hujaanza. Mashine za mitumba zinatufikia kutoka kila upande. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya ni za Hz 50, sawa na umeme wetu wa Uganda wa volti 240. Za soko la Marekani ni za Hz 60: injini yake inakwenda 3,600 au 1,800, na kwenye uso wake kuna soketi za volti 120 zenye matundu bapa yasiyokubali plagi yetu ya miguu mitatu minene.

Fundi anapima mashine ya Marekani, mita inasema 62. Anatikisa kichwa, "iko juu sana hii," anaishusha mpaka 50. Ameiharibu huku akidhani ameitengeneza. Kama sumaku haikubadilika, volti 240 zinakuwa 200. Mashine inayosisimua sumaku yake kwa kapasita inashuka hata zaidi ya hapo. Yenye kidhibiti volti cha elektroniki itajaribu kuzishikilia volti kwa kulazimisha umeme mwingi kwenye rota, na rota itapata moto wakati feni yake imepunguza mwendo. Injini nayo, ikiwa imeshushwa mpaka 3,000, haina tena nguvu ya 3,600 iliyoandikwa kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa mashineni.

Na yote hayo kwa sababu gani? Grinda na drili zenye kabuni (vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazijali kama ni Hz 50 au 60, zinajali volti. Pasi na taa ya balbu pia. Vinavyojali ni pampu ya maji, friji na mota zote zisizo na kabuni, ambazo kwenye Hz 60 zitakwenda kwa kasi iliyozidi asilimia 20. Hizo usizichomeke. Mashine ya Hz 60 iache iwe ya Hz 60. Na kosa la upande wa pili ni baya kuliko hilo: mashine ya Hz 50 ikipandishwa mpaka 60, volti 240 zinakimbilia 288.

Kibati kwanza, mita baadaye. Kibati kikiwa kimebanduka, sura ya soketi itakupa dokezo zuri.

Gavana anavuta kamba na nani?

Gavana wa injini ndogo hana ubongo. Ni springi na vizito. Springi inavuta kipepeo cha kabureta, kile kilango kinachopitisha hewa na petroli, kifunguke. Vizito vinazunguka ndani ya injini, na kadiri mwendo unavyopanda vinatanuka na kusukuma mkono wa gavana ufunge kipepeo kile kile. Ni mchezo wa kuvuta kamba, na mwendo wa injini unatulia pale timu mbili zinapotoshana nguvu. Skrubu inayogombaniwa ina kazi moja: kukaza au kulegeza springi. Haiongezi petroli ambayo kabureta haina. Haiongezi nguvu ambayo silinda haina.

Sasa fikiria unachoma. Mzigo umekuja, kipepeo kinatakiwa kifunguke zaidi. Ili kifunguke, vizito lazima vilegee kidogo, na haviwezi kulegea mwendo usiposhuka. Kwa hiyo kushuka kwa mwendo chini ya mzigo ni namna gavana wa vizito anavyofanya kazi, si ugonjwa. Kushuka kwa asilimia 4 au 5 ni afya njema. Ndiyo maana mashine ya Hz 50 haiwekwi 50 ikiwa haina mzigo. Inawekwa kama 52, ili ikibebeshwa mzigo kamili itue karibu na 50. Ya Hz 60 inawekwa kama 62. Namba kamili iko kwenye kitabu cha mashine yako, na kitabu kikipingana na mimi, fuata kitabu.

Aliyeiweka 50 barabara bila mzigo, kwa kupenda usafi wa namba, amejipunja. Akianza kuchoma inaangukia 48.

Kupima kwenyewe

Injini lazima iwe imepata moto, dakika 5 hadi 10, choki imefunguliwa yote. Ifanyie kazi nje. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mabanda yetu ya mabati hayana madirisha ya maana. Kabla hata ya kuwasha, toa chujio la hewa uliangalie. Vumbi la maramu likichanganyika na unga wa grinda linafanya kitu kama saruji.

Halafu tafuta swichi ya mwendo. Mashine nyingi zina uwezo wa kujipumzisha: usipochoma kwa sekunde 10 au 15, sumaku ndogo inavuta mkono wa kabureta na injini inashuka. Hiyo ni kuokoa petroli. Wakati wa kupima, iweke swichi kwenye mwendo wa juu wa kudumu, na uangalie kwa macho kwamba mkono umeachana kabisa na ile sumaku. Kijana mmoja alinipigia simu kutoka Busia, bisibisi tayari iko mkononi: "Mwalimu, mita inasema 38, hii mashine imekufa." Zidisha 38 kwa 60, unapata 2,280. Injini ilikuwa imepumzika tu. Nikamwambia ageuze swichi, ikapanda mpaka 52, akacheka mwenyewe.

Soma Hz na volti bila mzigo, andika. Kisha tia mzigo. Mimi natumia pasi mbili za umeme na birika, kwa sababu ni vitu ambavyo hakuna nyumba itakayovikosa, na wati zake zimeandikwa. Pasi mbili za wati 1,000 na birika la 2,000 ni kilowati 4. Lijaze birika maji. Na ujue pasi hujizima ikishapata moto, kwa hiyo ukiona Hz zimeruka juu ghafla usiilaumu injini. Usizidishe wati ambazo kibati kinaruhusu kwenye soketi.

Mzigo wa mwisho ni kazi yenyewe. Mmoja achome kijiti cha milimita 3.2 kwenye chuma chakavu, ampea 120, mwingine asome mita. Kwa ampea hizo volti za moto wa kuchomelea ni karibu 25, kwa hiyo pale kwenye ncha ya kijiti panaliwa karibu kilowati 3. Jenereta nayo inapoteza sehemu yake njiani, kwa hiyo injini inasukuma zaidi ya hapo.

Vipimo vingine vipo. Kipima mwendo cha mwanga kinasoma kibandiko kinachong'aa ulichobandika kwenye gurudumu la injini, na kinafaa hata kwenye mashine mpya ambazo umeme wa soketi unatengenezwa na inveta. Hizo zitakuonyesha Hz 50 hata injini ikiwa inakwenda kwa mwendo wowote. Kile cha kuzungushia waya wa plagi ya cheche kina mtego wake. Injini nyingi ndogo zinapiga cheche kila mzunguko, ingawa mlipuko unakuja kila baada ya mizunguko miwili. Kama kifaa kimewekwa kwa hesabu ya mlipuko, kitakuambia 6,000 mahali penye 3,000. Nimemwona mtu akikimbia.

Kipimo kisichofaa kabisa ni sikio. Sailensa iliyotoboka inafanya injini ya 2,800 isikike kama ndege ya Entebbe.

Mita imesema nini?

Sasa una namba nne: Hz na volti bila mzigo, Hz na volti chini ya mzigo. Hapo ndipo fundo linapofunguka, kwa sababu magonjwa yanayofanana kwa macho yanaachana kwenye namba.

Hz ziko sawa kote lakini volti ziko chini? Achana na gavana kabisa. Injini imemaliza kazi yake, tatizo liko kwenye jenereta: kabuni zimekwisha au zimekwama kwenye vishikio vyake, pete za shaba zinazoguswa na kabuni zimechafuka, kapasita imechoka, diodi imekufa, au rota imepoteza ile sumaku kidogo ya kuanzia baada ya kukaa muda mrefu. Kesi hizi ndizo zinazoua injini nyingi, kwa maana fundi anajaribu kuzitibu kwa mwendo. Volti zinapanda kidogo, kabuni zinaendelea kuisha, anakaza tena.

Hz zikiwa chini kote, lakini haziporomoki sana unapotia mzigo, hapo ndipo skrubu ina haki ya kuguswa. Springi imechoka, au kuna aliyepita kabla yako, au ule mkono haukuachana vizuri na sumaku ya kupumzishia.

Hz zikicheza, 50, 54, 49, 53, injini inapumua kama mbwa aliyetoka kuwinda, sogeza choki kidogo. Ikitulia, inanyimwa petroli: jeti ya kabureta, yaani kitundu cha kupitishia petroli, imeziba au hewa inaingia kwa mlango wa nyuma kwenye gasketi. Isipotulia, angalia springi na viungo vya gavana.

Linalobaki ndilo gumu, na ndilo lililokuja kutoka Kabale: Hz nzuri bila mzigo, kisha zinaporomoka ukianza kuchoma. Kuna kitu kimoja cha kuangalia, nacho hakihitaji mita. Fungua kifuniko uangalie mkono wa kipepeo wakati mwenzako anachoma. Umefika mwisho wake, umegota, na bado mwendo unashuka? Basi gavana amefanya kila alichoweza na injini haina cha kuongeza. Umeishia katikati huku mwendo umeshaanguka? Gavana ndiye mvivu. Injini ina akiba ambayo hajaitumia.

Mashine ya Kabale ilikuwa na Hz 56 na volti 267 bila mzigo. Tulipochoma ilianguka mpaka 47. Niliinama na tochi: mkono umegota. Nikamwita mwenyewe aje aone. Springi ikishafungua kipepeo mpaka mwisho, ukiikaza zaidi itafungua nini? Hakuna. Mara zote mbili alizokaza skrubu, alichopandisha ni ule mwendo wa kukaa bure, injini ikijitesa wakati hakuna kazi. Pale kwenye kazi yenyewe hakupata hata mzunguko mmoja.

Kilima kinakula farasi

Nguvu ilikwenda wapi? Sehemu yake ilikuwa uchafu wa kawaida. Chujio la hewa lilikuwa jeusi, na tapeti za valvu ya kutolea moshi zilikuwa zimebana mpaka valvu haifungi sawasawa. Lakini sehemu nyingine ilikuwa Kabale yenyewe.

Injini isiyo na tabo inavuta hewa kadiri hewa ilivyo, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kanuni ya mafundi ni kwamba inapoteza karibu asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Pakwach, pale Nile inapopita chini ya daraja, ni chini ya mita 700: hasara ni kama asilimia 7. Kampala ni takriban mita 1,200, na tayari asilimia 12 au zaidi imekwenda. Kabale ni karibu mita 2,000. Kule asilimia 20 na ushee haipo. Injini ya nguvu farasi 13 inakuwa na kama 10, na bado hujaiwashia kijiti. Namba za kwenye kibati hazijui milima ya Kigezi.

Angalia namna hili linavyomdanganya mtu. Bila mzigo, gavana hajali mwinuko. Anashika 52 Pakwach na anashika 52 Kabale, kipepeo kimefunguka kidogo zaidi tu. Kwa hiyo mashine iliyorekebishwa vizuri Kampala itapita kipimo cha bila mzigo popote utakapoipeleka, kisha itakuaibisha kwenye kazi. Isitoshe, kabureta iliyowekewa jeti ya nchi za chini inamwaga petroli nyingi kuliko hewa ya mlimani inavyotaka. Plagi inakuwa nyeusi, moshi mweusi, na nguvu inapungua tena. Viwanda vinauza jeti ndogo zaidi kwa ajili ya miinuko. Wachache kwetu wanazitafuta, jambo ambalo sijalielewa, maana jeti ni bei ndogo kuliko rota.

Baada ya kusafisha chujio, kurekebisha tapeti na kurudisha gavana mahali pake, mashine ile ilisoma 52 bila mzigo na 50 ikichoma kijiti cha 3.2. Hapo ni Katwe. Nilimwambia wazi kwamba nyumbani kwake haitakuwa hivyo: ampea 120 za hapa, kule azihesabu kama 105 hivi, na vijiti vya 2.5 vimtoshe kwa madirisha. Alisononeka kidogo. Nadhani alitaka nimwambie kuna skrubu nyingine.

Ukishathibitisha kwamba ni gavana

Usianze na skrubu. Anza na mkono wa gavana kwenye shafti yake, injini imezimwa. Legeza nati ya mkono, sukuma mkono mpaka kipepeo kifunguke chote, na ukiwa umeushika hapo, zungusha shafti ndogo ya gavana kuelekea upande ule ule ambao mkono ulikwenda, mpaka igote. Kaza nati. Usipofanya hivyo, kipepeo kinaweza kukosa robo ya safari yake, na hilo ndilo lile kosa la kuishia katikati. Mkono ukikazwa vibaya kwa upande wa pili, injini inaweza kupaa mara tu inapowaka, kwa hiyo unapowasha mara ya kwanza uwe na kidole kwenye swichi ya kuzimia.

Sasa washa, ipate moto, swichi kwenye mwendo wa juu, mita kwenye soketi. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu robo ya mzunguko, ngoja sekunde chache, soma. Robo nyingine. Mkono usikae karibu na feni, na mkono wa nguo ukunje. Ukifika 52 (au ile namba ya kitabu), tia mzigo. Ikitua karibu na 50, umemaliza.

Ikishuka mno wakati kipepeo bado kina nafasi, angalia matundu ambamo springi imeshikizwa kwenye mkono wa gavana. Injini nyingi zina matundu kadhaa kwa makusudi hayo. Ukiisogeza springi karibu na mhimili wa mkono, gavana anakuwa mwepesi wa kuhisi, mwendo haushuki sana, lakini ukizidisha anaanza kucheza juu chini. Ukiisogeza mbali na mhimili anatulia, ila anachelewa kujibu. Tundu moja kwa wakati mmoja, na kila ukihamisha tundu urudie skrubu, kwa sababu mvuto wa springi umebadilika. Springi iliyovutwa mpaka ikaacha mapengo usiikate wala kuikunja. Nunua nyingine ya injini ile ile. Springi ya kiti cha boda si springi ya gavana, hata kama inaingia.

Mwendo wa kupumzika unawekwa mwisho, kwa sababu sumaku inavuta mkono ule ule ambao umetoka kuurekebisha. Rudisha swichi kwenye kujipumzisha, ngoja injini ishuke yenyewe, kisha sogeza ile sumaku au skrubu yake mpaka ufikie namba ya kitabu. Kwenye mashine ndogo mara nyingi ni kati ya 2,200 na 2,400, yaani Hz 37 hadi 40. Ukiuweka chini mno, injini itazimika unapogusa chuma ghafla. Halafu ijaribu: gusa kijiti, injini inapaswa kuruka juu kwa muda kama wa kutamka jina lako. Ikibaki imelala wakati kijiti kinagusa, kitambuzi cha umeme au sumaku ndiyo yenye kesi. Na usitegemee chaja moja ya simu iiamshe. Mzigo mdogo namna hiyo mashine nyingi haziuhisi, na simu itakaa kwenye umeme wa Hz 38 usio na volti zake.

Ile ya Kabale nilipomaliza nilikaza nati, nikadondoshea tone la rangi ya kucha nyekundu juu ya skrubu na nati kwa pamoja. Ikiguswa, tone litapasuka na nitajua. Kwenye mfuniko wa ndani nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: 52 bila mzigo, 50 na mzigo, Katwe, na tarehe. Mwenyewe akachukua kalamu ile ile, akaandika chini yake kwa mkono wake, "Kabale:", akaacha nafasi.

Wiki iliyofuata alinitumia picha ya mfuniko. Ameandika 52 na 48, kijiti cha 2.5, ampea 85. Tone la rangi lilikuwa zima.